Mswaki Wenye Uzi Mwekundu

Saa tatu na dakika tano asubuhi Bi Soli alikuwa ameshapanda ngazi za ghorofa tatu, na goti lake la kushoto lilikuwa limeshaanza kulalamika. Lifti ilikuwa mbovu, na kwa vumbi lililojaa kwenye vitufe vyake, haikuharibika jana wala juzi. Ukutani, kila ghorofa, mwenye nyumba alikuwa amebandika tangazo lile lile: chumba kimoja walale watu wanne, atakayezidisha ahame. Bi Soli alilisoma mara tatu. Alikuwa hawezi kupita karatasi ukutani bila kuisoma, hata ya mganga wa meno.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, lakini ofisi nzima ilimwita Bi Soli, maana hakuna mkaguzi aliyemaliza soli za viatu kama yeye. Alikuwa polisi mpelelezi miaka kumi na tisa, akifukuzana na wezi. Siku hizi alipeleleza mashine. Sheria ilipopitishwa, baada ya watu kuumizwa vya kutosha na maamuzi yasiyo na mwenyewe, kifungu cha tisa kilisema mtambo hautamtenganisha mtu na nyumba yake, kazi yake wala mtoto wake mpaka mkaguzi afike kwa miguu yake, aone kwa macho yake na atie sahihi kwa mkono wake. Wapo wenzake walioona miguu ni maneno tu ya wanasheria. Wao walitia sahihi arobaini kwa siku, wamekaa, chai pembeni. Bi Soli alitia mbili au tatu, na mkuu wake alishachoka kumsema.

Faili la leo lilikuwa la msichana wa miaka saba anayelelewa na bibi yake mzaa mama. Mama mtu alikuwa kibaruani mbali, akipiga simu kila Jumapili. Idara ya ustawi wa watoto ilitumia akili bandia iliyoitwa Mlinzi, na Mlinzi alikuwa amempa mtoto huyo alama tisini na moja za hatari kati ya mia. Sababu zilikuwa tatu. Kadi ya bibi ya kuingilia kazini ilionyesha yuko hospitali anakofanya usafi usiku kucha, mara nne kwa wiki. Umeme wa chumba chake usiku huo ulikuwa sifuri. Na kwenye maswali aliyotumiwa kwa simu, penye swali kama kuna mtu mzima mwingine wa kaya anayebaki na mtoto, bibi alikuwa amebonyeza Hapana. Mlinzi akajumlisha: mtoto analala peke yake gizani. Mstari wa mwisho ulisema achukuliwe getini pa shule saa sita kamili mchana, apelekwe makao ya watoto.

Yaani zilikuwa zimebaki saa tatu kasoro dakika tano.

Afisa wa ustawi alikuwa anamsubiri mlangoni na tableti yake kifuani. Alikuwa kijana nadhifu, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuchelewa kumfikia mtoto mmoja mwaka wake wa kwanza kazini, akaapa hatachelewa tena, na tangu hapo Mlinzi akisema kimbia, yeye alikimbia.

"Mama mkaguzi, hili liko wazi," alisema kwa sauti ya chini. "Tusimtese mzee bure."

Bi Soli alimjibu kwamba yaliyo wazi ndiyo yanayomtia wasiwasi, akabisha hodi.

Bibi alifungua akiwa bado na sare ya kazi, ya bluu iliyopauka magotini. Alikuwa ametoka zamu saa moja, na macho yalikuwa mekundu. Bi Soli alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakakaribishwa kwenye viti viwili. Mwenyewe bibi alikaa kitandani, akashika mkoba wake mapajani kama abiria.

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Mtoto alikuwa anakula nini, nani anampeleka shule, mara ya mwisho kuugua ilikuwa lini. Bibi alijibu yote bila kusita, na tarehe ya homa aliitaja pamoja na jina la dawa. Kisha Bi Soli akauliza mtoto anakuwa wapi usiku ambao yeye yuko zamu.

"Yuko salama."

"Wapi, mama?"

"Nimesema salama, mwanangu. Salama ni salama."

Aliulizwa kwa njia nne tofauti, akajibu kwa njia ile ile moja. Kijana alitazama saa. Bi Soli aliomba ruhusa ya kukagua chumba, bibi akatikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kitanda kilikuwa kimoja chenye mito miwili. Hilo lilikuwa sawa. Rafuni mlikuwa na nguo za mtoto, chache lakini safi. Juu ya sinki palikuwa na bilauri yenye mswaki mmoja, mkubwa, wa mtu mzima. Bi Soli alifungua droo, akachungulia chini ya kitanda, akarudi kwenye sinki. Mswaki ulikuwa ule ule mmoja.

Afisa hakuhitaji kuambiwa. "Hata mswaki hana," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Ama haishi hapa, ama hatunzwi. Vyovyote vile, mama mkaguzi."

Bibi aliinamisha kichwa. Alijua kabisa huo mswaki uko wapi, na alikuwa ameshaamua hatasema, hata wamchune ngozi.

Mkaguzi wa kwenye kiti angetia sahihi hapo hapo. Bi Soli alirudi rafuni. Kulikuwa na sweta la shule la akiba, la kijani, limekunjwa vizuri. Alilifungua, akapitisha kidole kwenye mikono yake. Mikunjo ilikuwa imenyooka kabisa. Ndani ya kola palikuwa pameshonwa uzi mwekundu, mfupi, kwa mshono wa mtu anayejua kazi. Akalichukua la pili, akachukua gauni, akachukua hata soksi. Kila kitu kilikuwa na uzi mwekundu.

Aliuliza uzi ule ni wa nini. Bibi, kwa uchovu, akateleza.

"Ni alama tu. Zisichanganyike."

Bi Soli alikunja sweta polepole. Zisichanganyike na za nani? Nyumba yenye mtoto mmoja haiwekei nguo alama. Kisha akauliza swali lililomfanya afisa amtazame kama amechanganyikiwa: pasi iko wapi? Bibi akasema pasi yake iliungua tangu mwaka jana. Basi mtu fulani alikuwa anampigia mtoto huyu nguo pasi, mahali penye nguo za watoto wengi, na mtu huyo alikuwa na uzi wa kutosha.

"Kwenye jengo hili kuna fundi cherehani?" alimuuliza bibi.

Bibi akainuka kitandani kwa mara ya kwanza. "Yule muache," alisema. "Hana kosa lolote. Nichukulieni kila kitu, yule muacheni."

Bi Soli alimwomba afisa abaki na bibi. Kijana akakumbusha kwamba saa tano na nusu ataondoka kwenda shuleni, sahihi iwepo isiwepo, kwa kuwa mfumo umeshapanga gari. Bi Soli alimwambia asome tena kifungu cha tisa njiani. Akashuka ngazi, na goti likamtukana kila hatua.

Chumba cha fundi kilikuwa chini kabisa, karibu na mabomba. Jengo zima lilimwita Mama Vifungo. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, nyonga yake moja haikunjiki, na mdomo wake ulikuwa umeshika pini tatu. Hakuzitoa hata aliposalimia. Bi Soli hakuonyesha kitambulisho. Alionyesha mkono wa koti lake, ambao kifungo chake kilikuwa kinaning'inia tangu wiki iliyopita, na kwa mara ya kwanza alishukuru uvivu wake.

Wakati Mama Vifungo anatafuta uzi unaofanana, Bi Soli aliangalia. Magodoro membamba, manne, yamesimamishwa nyuma ya kabati na kufunikwa shuka la maua. Pasi kubwa juu ya meza. Karibu na cherehani, mbali na nyuzi nyingine, vibiringo saba vya uzi vimepangwa mstari: nyekundu, kijani, njano, bluu, nyeupe, zambarau na chungwa. Aliomba kunawa mikono. Pembeni mwa sinki palikuwa na kopo la maziwa limefunikwa kitambaa. Alikifunua.

Miswaki saba, midogo, kila mmoja umefungwa uzi shingoni.

Alichofanya baadaye angekifanya mpelelezi yeyote mwenye akili zake. Aligusa brashi moja moja kwa ncha ya kidole. Mitano ilikuwa na unyevu. Miwili, wa njano na wa zambarau, ilikuwa mikavu. Wenye uzi mwekundu ulikuwa na unyevu, na povu kidogo la dawa kwenye mpini, mahali ambapo mtoto huwa hasuuzi.

"Ya wajukuu zangu," Mama Vifungo alisema nyuma yake.

"Saba?"

"Nimejaliwa."

"Na wa njano na wa zambarau hawakulala hapa jana."

Pini zilitoka mdomoni, moja, mbili, tatu, zikachomekwa kwenye mto wa pini bila haraka. Mama Vifungo alikaa. Akauliza kama ametumwa na mwenye nyumba. Bi Soli sasa akatoa kitambulisho, akaeleza yeye ni nani, kisha akaeleza lililomleta: kwamba mjukuu wa bibi wa ghorofa ya tatu anachukuliwa leo saa sita, na bibi amekataa kusema neno.

Mama Vifungo hakuelewa mara moja. Ilibidi aelezwe tena.

"Barua ilikuja lini?"

"Juzi."

"Juzi alikaa hapo ulipo. Alikunywa chai hapo. Hakuniambia." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kipande cha kitambaa cha suruali ya mtu. "Mwanamke huyu ana kichwa kigumu jamani. Anamtoa mtoto wake ili mimi nisifukuzwe chumba."

Basi akasema yote. Wanawake watano wa jengo hilo walikuwa wanafanya kazi za usiku: bibi wa usafi, mwokaji wa kiwanda cha mikate, mlinzi wa ghala na wapokea simu wawili. Yeye, kwa sababu ya nyonga, alikuwa hawezi kwenda popote. Miaka sita sasa, kila mwenye zamu alimshushia mwanawe jioni, na alfajiri watoto walipanda wameoga, wamekula, wamepigiwa pasi. Hawakuwahi kuandikishana. Nani aandikishe jambo kama hilo? Tangazo la watu wanne lilipobandikwa, walikubaliana tu kufunga midomo. Na maswali ya Mlinzi yalipofika kwenye simu, bibi alijibu kweli tupu. Mtu mzima mwingine wa kaya hakuwepo. Jirani si wa kaya, na hapakuwa na kisanduku cha jirani.

Mambo matatu ya kweli, yakajumlishwa yakazaa uongo. Bi Soli alikuwa ameshaona hesabu hiyo mara nyingi.

Lakini miswaki peke yake isingetosha, na alilijua hilo. Alihitaji kitu kinachosema ni usiku upi. Alimweleza Mama Vifungo kwamba ofisi inaweza kuzisoma mita mbili za umeme, ya juu na ya chini, na kuziweka sambamba. Ya chini ilikuwa mali yake, kwa hiyo bila sahihi yake mkaguzi haruhusiwi kuifungua. Kisha akamsomea kifungu cha kumi na nne taratibu, mstari kwa mstari: habari iliyotolewa kumtetea mtu mbele ya mtambo haitatumika kumshtaki wala kumhamisha aliyeitoa, na mwenye nyumba hana haki ya kuiona.

"Na akijua kwa njia nyingine?"

"Hapo sitakudanganya. Nitakusaidia nikiweza."

Mama Vifungo alichukua kalamu. "Andika jina langu," alisema. "Andika kubwa, na hicho kimashine chenu kilione."

Saa tano na dakika kumi na mbili, ofisini, mchambuzi wa takwimu alipokea picha ya fomu. Saa tano na dakika thelathini na moja akapiga simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama. Wiki kumi na moja. Usiku arobaini na nne wa zamu za bibi, chumba cha juu giza. Usiku arobaini na nne ule ule, chumba cha chini taa mpaka saa tatu usiku, na saa kumi na moja alfajiri umeme unapanda ghafla kwa nusu saa. Hiyo ni pasi, alisema mchambuzi, hakuna kingine kinachovuta umeme hivyo. Hakuna usiku hata mmoja uliokosekana. Na namba zote hizo Mlinzi alikuwa nazo siku zote. Hakuna aliyemwelekeza atazame chumba cha pili.

"Kuna lingine," mchambuzi aliongeza. "Jengo hilo hilo, kaya nne ziko kwenye foleni. Watoto sita. Alama themanini na kitu kila mmoja, na sababu ni hizo hizo."

Bi Soli alifunga macho kidogo, akafungua, akaomba namba za mafaili yote manne. Kisha akafunga mswaki wenye uzi mwekundu kwenye mfuko wa vielelezo, akapiga picha ya kopo, akapanda kumchukua bibi. Afisa alikuwa ameshaondoka. Simu yake ilipopokelewa, alisema kwa adabu kwamba mfumo bado unaonyesha achukuliwe, na yeye hawezi kwenda kinyume cha mfumo kwa maneno ya simu. Teksi ilipatikana kona ya pili. Njia nzima bibi aliuliza jambo moja tu, kama Mama Vifungo amekasirika. Bi Soli akamwambia amekasirika sana, na bibi kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Walifika saa sita na dakika mbili. Mtoto alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma cha gari la ustawi, mkoba mgongoni, mlango bado wazi. Kwenye zipu ya mkoba palikuwa na uzi mwekundu. Afisa alikuwa amechuchumaa mbele yake akimalizia kumfunga mkanda, naye mtoto amemkazia mikono.

Bibi alitaka kukimbia. Bi Soli alimshika mkono, kwa upole lakini akamshika, kwa sababu kilichobaki kilitakiwa kifanyike bila mtu kusema mtoto amefundishwa. Akampa afisa takwimu za mita. Kijana alizisoma zote, hakuruka mstari, na hilo Bi Soli alimhesabia.

"Hii inasema taa iliwaka," alisema hatimaye. "Haisemi mtoto huyu alikuwepo."

"Kweli," Bi Soli alijibu. "Ndiyo maana hatumuulizi chochote. Wewe tazama tu."

Akautoa mfuko wa vielelezo, akauweka juu ya kiti, kando ya mtoto, akanyamaza. Mtoto aliutazama. Alikuwa na pengo mbele, meno mawili ya juu hayapo. Kwanza alikunja uso, kisha akamgeukia Bi Soli kama mwenye mali anavyomgeukia mwizi.

"Huo wangu. Umeutoa kwenye kopo wa nini?"

Mtoto akaendelea. "Wa kijani ndio ungechukua, wa yule tunayemwita Kifutio. Anautafuna mpaka umeota ndevu. Bibi Vifungo leo asubuhi kamwambia akiutafuna tena atapigia mswaki sufuria." Akauangalia tena mfuko. "Mmeuweka kwenye mfuko na mikono michafu?"

Bi Soli alifungua picha ya kopo kwenye simu, akampa afisa. Mswaki wenye uzi wa kijani ulikuwa umetafunwa mpaka brashi zimelala pande zote. Kijana aliukuza kwa vidole viwili, akautazama muda mrefu. Mabega yake yalishuka. Ikaonekana wazi kwamba huyu naye alikuwa amebeba mzigo tangu asubuhi, na hakuna aliyefurahi kuutua kama yeye.

Aliomba kalamu. Fomu ilitaka sahihi mbili, ya mkaguzi na ya afisa, na kisanduku cha sababu kilikuwa na nafasi ya maneno matatu. Bi Soli aligeuza karatasi, akaandika nyuma yake yote: usiku wote, mita zote mbili, jina la Mama Vifungo kwa herufi kubwa kama alivyoagiza. Chini akaandika namba za mafaili manne na kifungu cha kumi na mbili, kinachosema sababu ikibainika kuwa ya makosa, kila uamuzi uliozaliwa na sababu hiyo husimamishwa. Kijana alisoma, akauliza watoto sita wote, akaambiwa wote, akatia sahihi. Kisha yeye mwenyewe, bila kuambiwa, akafungua mkanda.

Mtoto alishuka. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa njia ya miguu, sare yake ya kazi vumbini, analia na kucheka kwa pamoja na hana habari na watu wanaopita. Mtoto alimwendea, akamwangalia machozi, akamwuliza mbona hajalala. Bibi akamvuta mapajani, akaingiza pua kwenye nywele zake, akakaa hivyo. Afisa aligeuka upande wa pili akaanza kusafisha kioo cha tableti ambacho hakikuwa kichafu.

Bi Soli aliwaacha mpaka walipomaliza. Kisha akachuchumaa, goti likalia, akamwuliza bibi zamu yake inayofuata ni lini.

"Leo," bibi alisema.

Mkaguzi akafungua mfuko wa vielelezo, akautoa mswaki, akamkabidhi mtoto mwenyewe.

"Basi ukaurudishe kwenye kopo," alimwambia. "Na uuoshe kwanza."